"CMV IgG chanya" kwenye karatasi ya mjamzito: maana yake, na watoto wangapi huzaliwa na kirusi hiki

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali huku Igoma, Mwanza, na nina ujauzito wa wiki 14. Mwaka jana mimba iliharibika ikiwa ya miezi miwili, kwa hiyo safari hii mume wangu alinipeleka maabara ya binafsi tukapima vipimo vingi kwa mpigo. Vyote vilikuwa vizuri ila kimoja: CMV IgG chanya, IgM hasi. Aliyenipa majibu akasema nina virusi vinavyofanya mtoto azaliwe kiziwi au na kichwa kidogo, lakini zipo sindano za kusafisha damu. Jirani yangu anasema bora mimba itoke mapema. Nina mtoto mwingine wa miaka miwili, mzima kabisa. Naomba kujua, tatizo hili linapata wajawazito wangapi na watoto wangapi huzaliwa nalo? Je, nimelipata shuleni? Na nirudie kipimo?"

Marahaba, mwalimu. Pole kwa mimba iliyotoka, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa juu ya hii uliyonayo. Naanza na jirani kwa sababu lake haliwezi kusubiri: hakuna kitu chochote kwenye karatasi yako kinachotoa sababu ya kuitoa mimba hii. Sindano nazo usichome. Kama unawahi daladala, hayo mawili yanatosha kwa leo. Mengine utayasoma jioni ukiwa umetulia.

CMV ni kifupi cha sitomegalovirusi. Ni ndugu wa kirusi cha tetekuwanga na cha vile vidonda vinavyotoka pembeni mwa mdomo mtu akitoka kuugua homa. Jina lake lina maana ya kirusi cha seli kubwa, maana seli iliyoingiliwa huvimba na kubaki na doa jeusi katikati lililozungukwa na duara jeupe. Wanaotazama kwenye darubini husema ni jicho la bundi. Mjerumani Hugo Ribbert aliziona seli za namna hiyo mwaka 1881 kwenye figo za mtoto aliyezaliwa mfu, bila kujua anatazama nini. Kirusi chenyewe kilikuja kuoteshwa maabara Marekani katikati ya miaka ya 1950, na jina hili kikapewa mwaka 1960 na Thomas Weller na wenzake. Bundi kwetu hana sifa nzuri, najua, ila kwa upande wako amesingiziwa.

Sasa karatasi yako. IgG na IgM ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na mdudu fulani. IgM hutangulia kutoka, na kwa kawaida hufifia baada ya miezi kadhaa. IgG hufuata, na hiyo hubaki maisha yote. Mtu mwenye IgG chanya na IgM hasi ni mtu aliyekutana na kirusi zamani. Kwako wewe, zamani hiyo huenda ni kabla hujaanza kutambaa.

Sisemi hivyo kukufariji. Mwaka 2019 watafiti walikusanya takwimu za nchi nyingi na kukuta kwamba, kwa wastani wa dunia nzima, wanawake 86 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana IgG ya CMV. Ulaya ndiko wako wachache zaidi. Kwetu Afrika ni sehemu ya wale wanaoupandisha wastani. Hapa Mwanza watafiti wa chuo cha Bugando wamewahi kuwapima wajawazito wa kliniki za jiji, na walio wengi walikuwa na IgG. Simama asubuhi Kirumba wakati kina mama wanashuka na ndoo zao kwenda kuchukua dagaa Mwaloni, au pale kivuko cha Kamanga kinapofungua mlango: ukiwapima wote, wa kushangaza atakuwa yule mwenye IgG hasi. Kama IgG chanya ingekuwa ndiyo mtoto kiziwi, kanda yote ya ziwa ingekuwa inaongea kwa ishara.

Tunakipata wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye maziwa ya mama. Mwanamke aliyewahi kuambukizwa akianza kunyonyesha, kirusi kilicholala mwilini mwake huamka kidogo ndani ya matiti na kutoka na maziwa. Watoto wa vijijini Gambia walipofuatiliwa, wengi walikuwa wameshaambukizwa kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni haumwi kwa hilo, kwa sababu alizaliwa na kingamwili za mama yake. Anapokea kirusi na kinga kwa pamoja, na anaendelea kunenepa. Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia usinyonyeshe kwa ajili ya CMV, mkatalie. Tahadhari ipo kwa mtoto njiti mdogo sana, wa chini ya kilo moja na nusu, ambaye wakati mwingine huugua akikipata kwa maziwa. Hata huyo hatumwachishi maziwa ya mama yake, maana akikosa maziwa hayo hatari zinazomsubiri ni kubwa zaidi. Ila daktari wa wodi ya watoto wachanga anakuwa macho.

Baada ya maziwa huja mate na mkojo. Bibi anayetafuna matobolwa kwanza ndipo amlishe mjukuu, kijiko kimoja kinachozunguka midomo minne, kaka anayemnyang'anya mdogo wake muwa na kuurudisha umetafunwa nusu. Ukiongeza tendo la ndoa na, kwa nadra, kuongezewa damu, orodha imekamilika. Hakuna ambaye hajapita humo.

Kwa nini basi tunakiogopa? Kwa sababu kikivuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto akiwa bado anaumbwa, kinaweza kumdhuru. Hapo ndipo swali lako la "wangapi" linapohitaji jibu la makini, kwa kuwa idadi ya mama wenye IgG na idadi ya watoto wanaozaliwa na kirusi ni mambo mawili tofauti kabisa. Nadhani aliyekupa majibu aliyachanganya.

Mama ambaye hajawahi kukutana na CMV, akakipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, humwambukiza mtoto tumboni kwa kiasi cha mara moja katika kila tatu, na uwezekano huo huzidi kadiri mimba inavyokua. Mama aliyekwisha kuwa na kinga, kirusi chake cha zamani kikiamka au akipata aina nyingine ya kirusi hicho hicho, humwambukiza mtoto kwa kiasi cha mara moja tu katika mia. Wewe uko kwenye kundi hili la pili. Tena madhara makubwa kwa mtoto hutokana na maambukizi ya miezi mitatu ya kwanza, ambayo umeshaivuka.

Tuchukue watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliojumlisha zaidi ya watoto nusu milioni, ulikuta kwamba katika nchi tajiri kama watano kati ya elfu huzaliwa na CMV, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama 14. Tushike hao 14. Mmoja au wawili kati yao ndio watakaoonyesha dalili siku ya kuzaliwa: uzito mdogo, macho ya manjano, vidoti vyekundu vya damu chini ya ngozi, ini na wengu vilivyovimba, kichwa kidogo kuliko kawaida, pengine degedege. Waliobaki, 12 hivi, huzaliwa wazuri, wananyonya, wanalia, na hakuna mkunga duniani atakayewatambua kwa macho. Katika hao wanaoonekana wazima, kama mmoja kati ya kumi hivi atapoteza usikivu baadaye. Ukijumlisha wote watakaobaki na dosari ya kudumu, hufika kama mmoja kati ya kila watano walioambukizwa. Yaani watoto watatu katika elfu tulioanza nao.

Watatu katika elfu ni wachache kwako wewe unayebeba mimba moja, na nataka hesabu hiyo ikupe usingizi. Kwa taifa si wachache hata kidogo. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha uziwi wa utotoni usiotokana na kurithi, na karibu hakuna anayekitaja. Ukimwi, kaswende na malaria vina nafasi zao kwenye kadi yako ya kliniki. CMV haina, na kwa kweli sioni sababu ya kuiwekea: kupima IgG ya kila mjamzito hapa kungetuletea majibu chanya tupu na hofu kama uliyoipata wewe.

Kuna kitendawili hapa ambacho hata wauguzi wenzangu huniuliza. Ikiwa kinga ya mama inapunguza hatari kutoka theluthi hadi asilimia moja, na sisi karibu wote tuna kinga, mbona watoto wanaozaliwa na CMV ni wengi kwetu kuliko Ulaya? Jibu liko kwenye wingi wetu wenyewe. Asilimia moja ya umati mkubwa inaishinda theluthi ya kikundi kidogo. Ulaya mwanamke asiye na kinga akiambukizwa hatari yake ni kubwa, ila wanaoambukizwa ndani ya mimba ni wachache. Huku kirusi kimejaa kila nyumba, hivyo wenye kinga nao wanakutana nacho tena na tena, na hatari ndogo ya kila mmoja ikijumlishwa inazaa idadi kubwa. Kwa hiyo watoto wengi wenye CMV ya kuzaliwa wanaoonwa katika nchi zetu ni watoto wa mama wenye karatasi kama yako. Yote mawili ni kweli kwa pamoja: hatari yako ni ndogo, na kinga yako si ukuta wa mawe. Kwa mama anayeishi na VVU uwezekano wa mtoto kuzaliwa na CMV huongezeka, hasa kinga yake ikiwa imeshuka, na hiyo ni sababu nyingine ya kumeza dawa za kufubaza bila kuruka.

Kuhusu mimba ya mwaka jana. Natamani ningekuwa na jambo moja la kulinyooshea kidole, ila IgG haiwezi kubeba lawama hiyo. Kama nusu ya mimba zinazoharibika katika wiki za mwanzo huwa zimeanza na hitilafu ya kromosomu, bahati mbaya ya siku ya kutunga, ambayo haina uhusiano na ulichokula, ulichobeba wala uliyegombana naye. Kile kifurushi cha vipimo ulichouziwa, chenye toksoplazma, rubela, CMV na wenzake, kimekuwa desturi kwa kila mwanamke ambaye mimba imetoka. Mimi si shabiki wake. Kwa walio wengi hakielezi kilichopita wala hakibadilishi kinachokuja, kinachobadilika ni salio la M-Pesa.

Nimeshukuru kwamba IgM yako ni hasi, kwa kuwa ingekuwa chanya vurugu zingeongezeka. IgM ya CMV hudanganya. Huweza kukaa zaidi ya nusu mwaka, hujitokeza tena kirusi cha zamani kikichokozeka, na wakati mwingine huchochewa na kirusi kingine kabisa. Mama mwenye IgM chanya anahitaji kipimo cha tatu kinachoangalia jinsi IgG inavyomshika adui. Kingamwili changa hushika kwa ulegevu, kama mtu anayeshika sangara kwa mara ya kwanza, anamponyoka. Iliyokomaa inashika na kubana. Mshiko ukiwa imara mwanzoni mwa mimba, maana yake maambukizi yalitangulia mimba. Nasema haya kwa ajili ya wasomaji wengine, maana wewe hukihitaji.

Sindano za "kusafisha damu" sijui ni zipi, na nashuku hata aliyekutajia hana jina lake. Hakuna dawa inayokiondoa CMV mwilini. Kikiingia hukaa maisha yote, kimelala. Ipo dawa ya vidonge, valasiklovia, gramu 8 kwa siku, ambayo utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ilishusha maambukizi ya mtoto kutoka kama 30 hadi 11 katika kila mia. Ila hao walikuwa kina mama walioambukizwa kwa mara ya kwanza, tena karibu na siku za kutunga mimba au katika miezi mitatu ya kwanza, wakisimamiwa na wataalamu. Haikuhusu. Dawa kali zaidi ya kundi hilo, gansiklovia, hatuitumii kwa mjamzito kwa kuwa tunahofia itamdhuru mtoto.

Umeuliza kama ulikipata shuleni. Sidhani, kwa sababu uliletewa nyumbani miaka mingi iliyopita. Lakini kwa kukutana upya na aina nyingine ya kirusi, darasa lako la watoto wa miaka mitano si la kuogopa sana. Wanaokitoa kwa wingi kwenye mate na mkojo ni wadogo zaidi, wa chini ya miaka mitatu, na mmoja akishakipata hukimwaga kwa miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Wa umri huo unaye ndani. Huyo wa miaka miwili, mzima kabisa, ndiye mwanafunzi wako hatari kuliko wote. Wala usimkimbie! Mbusu kwenye paji la uso au utosini badala ya mdomoni. Usimalizie uji wake kwa kijiko chake, na kama pipi imeanguka usiisafishe kwa kuinyonya kisha kumrudishia. Wote tumefanya hivyo, nami nimo. Ukimbadilisha nepi au kumfuta makamasi, nawa kwa maji na sabuni, maana kirusi hiki kina ngozi ya mafuta ambayo sabuni ya kipande ya kawaida inaivunja. Midoli inayotiwa midomoni ioshwe nayo. Shuleni fanya hivyo hivyo kwa anayejikojolea. Huhitaji kuomba likizo.

Kliniki endelea kama kawaida: shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria. Ukipata nafasi ya picha ya ultrasaundi karibu na wiki ya 20, nenda, kama ambavyo ningemshauri mjamzito mwingine yeyote. Picha nzuri haithibitishi kwamba mtoto hana CMV, ila mabadiliko makubwa ya ubongo, kichwa au tumbo mara nyingi huonekana.

Hofu yako yote umeielekeza kwenye damu yako. Mimi ningependa uihamishie siku 21 za kwanza za mtoto. Kipimo kinachosema kweli kuhusu CMV ya kuzaliwa ni cha mkojo au mate ya mtoto mwenyewe, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na lazima kichukuliwe ndani ya wiki hizo tatu. Zikipita, jibu chanya halitofautishi tena kati ya aliyezaliwa nacho na aliyekipata juzi kwenye ziwa la mama. Mate nayo huchukuliwa saa moja au zaidi baada ya kunyonya kwa sababu hiyo hiyo, na yakiwa chanya tunahakikisha kwa mkojo. Jimbo la Minnesota huko Marekani lilianza mwaka 2023 kumpima kila mtoto anayezaliwa. Sisi hatujafika huko, kwa hiyo tunachagua: mtoto mwenye dalili nilizozitaja, au mwenye kichwa kidogo, au ambaye kipimo cha masikio hakikuwa kizuri. Akiwa na mojawapo, mwambie daktari wa watoto kwenye hospitali ya rufaa neno hili moja, "CMV", mapema, kabla siku hazijaisha. Mtoto mwenye dalili huweza kupewa valgansiklovia ya maji kwa miezi sita, ianze ndani ya mwezi wa kwanza, huku akipimwa damu mara kwa mara kwa kuwa inashusha chembe nyeupe. Husaidia usikivu na ukuaji, kwa kiasi. Haifuti yaliyokwisha kutokea.

Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka mitatu na nusu kutoka visiwani, mchangamfu, anayecheka kwa macho. Mama alikuwa ameambiwa sehemu mbalimbali kwamba ni mzito wa ulimi, na ukoo wao wanachelewa kusema. Alikuwa hasikii. Kama ni CMV sitajua kamwe, siku 21 zilikuwa zimepita zamani, na kwa kweli haikuwa na maana tena. Kilichoniuma ni ile miaka mitatu bila lugha yoyote, si ya mdomo wala ya alama.

Ndiyo maana nakuomba umtazame masikio huyo ajaye, hata akizaliwa mzuri wa kupendeza, kwa kuwa usikivu unaotokana na CMV huweza kupotea polepole hadi umri wa kwenda shule. Sufuria ikianguka, mtoto wa mwezi mmoja hushtuka. Wa miezi sita akiitwa na mtu asiyemwona hugeuka. Wa mwaka mmoja ana neno moja au mawili na anaelewa "njoo" hata usipomwonyesha kwa mkono. Ukiona hayo hayapo, au yalikuwepo yakapotea, usikubali kuambiwa usubiri. Mdai daktari wa masikio. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na Lugha ya Alama ya Tanzania inaweza kuanza kufundishwa nyumbani wakati mengine yanasubiriwa. Wewe ni mwalimu wa awali, utaona haraka kuliko mimi. Na hata darasani kwako, yule anayekaa nyuma na kuonekana mtukutu asiyefuata maelekezo, hebu mwite siku moja ukiwa nyuma yake.

La mwisho, kurudia kipimo. Hapana. Ukirudia mwezi ujao IgG itakuwa chanya. Ukirudia ukiwa na wajukuu, jibu litakuwa hilo hilo.